Timu za wanawake kisiwani siku tatu: tujifue vipi, na nani atashinda?

SWALI: Shikamoo kocha. Sisi ni timu ya netiboli ya mtaani hapa Ilemela, tuko kumi na wawili, wengi wetu tunauza dagaa na samaki Mwaloni Kirumba. Tumekuwa tukikutana kwangu kuangalia kile kipindi cha Wakorea cha timu za wanawake wanaopambana kisiwani, na sasa tunataka kufanya cha kwetu. Timu tatu za watu wanne wanne, siku tatu, kisiwa kidogo upande wa Ukerewe. Binamu yangu atapiga picha, tutaweka YouTube. Tumeshaanza kukimbia asubuhi na kubeba mawe. Tuongeze mazoezi gani? Na kwa uzoefu wako, itashinda timu yenye nguvu au yenye akili? Kapteni, Ilemela.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kipindi hicho na mimi nimekiangalia chote, na nilikuwa upande wa zimamoto mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo usitegemee nikwambie wanawake waachane na mambo ya kisiwani. Nendeni. Ila mawe yawekeni chini kwanza.

Maswali yako mawili nitayajibu, hasa hilo la pili maana lina utamu wake. Lakini kuna swali hukuliuliza na ndilo linalotangulia yote: huko kisiwani atakuwepo nani ambaye hachezi?

Kwa wasomaji ambao hawajakiona, kipindi chenyewe kinaitwa Siren: Survive the Island, kilitoka Netflix mwaka 2023. Wanawake 24, timu sita za wanne wanne, kila timu na kazi yake: zimamoto, polisi, wanajeshi, walinzi wa watu mashuhuri, wale wanaocheza matukio ya hatari kwenye filamu, na wanamichezo. Siku saba. Kila timu ina ngome yake na bendera imefichwa humo. King'ora kikilia, watu wanavaa viatu wanatoka kushambulia ngome za wenzao, na bendera yako ikipatikana umekwisha. Ukiangalia unaona wanawake, msitu na matope. Huoni watu ambao bila shaka walikipima kisiwa kabla hajashuka mchezaji hata mmoja, walioondoa kinachokata na kinachouma, madaktari waliokaa nyuma ya kamera, na boti iliyokuwa tayari muda wote. Hatari ya kweli iliondolewa kwanza, kikabaki cha kushindania. Hicho kilichobaki ndicho kinachoonekana kwenye kioo, na ndicho mnachotaka kukiiga. Sasa ninyi mkienda hivyo mlivyopanga, mtaiga mchezo huku hatari yote iko palepale.

Tena hata wenye fedha zao haiwi salama. Mashindano ya namna hii yalianzia Sweden mwaka 1997, yakaenea duniani kupitia Survivor ya Marekani (msimu wao wa tatu, 2001, waliupiga kwa majirani zetu, Shaba, kaskazini mwa Kenya). Mwaka 2009 mshiriki mmoja wa Pakistani alizama huko Bangkok akivuka ziwa kwa kuogelea na begi la kilo saba mgongoni. Mwaka 2013 kijana wa miaka 25 alifariki siku ya kwanza kabisa ya shindano la Ufaransa lililokuwa likipigwa Kambodia. Moyo ulisimama, na msimu mzima ukafutwa. Katika msimu uliorushwa mwaka 2016, Kambodia hiyohiyo, mshiriki wa Survivor aliyewahi kuwa mwanajeshi, kifua kama mlango, alianguka kwa joto baada ya mchezo wa kufukua mchanga juani. Yeye alipona kwa sababu helikopta ilikuja. Ya kwenu ni mtumbwi wa nani?

Kwa hiyo timu ya kwanza ya kuunda ni ya nne, isiyogombea chochote. Nahodha wa mwalo mwenye boti ya injini, anayelala kisiwani mlikolala ninyi, na mafuta yake hayaguswi kwa kazi ya kamera. Muuguzi au tabibu. Mtu mmoja, ikiwezekana wawili, wanaoogelea kwelikweli na kujua kumtoa mtu majini bila kuzamishwa naye. Na mtu wa filimbi. Huyu wa filimbi ndiye mkubwa kuliko wote: akipuliza, kila kitu kinasimama, hakuna mjadala, hata kama picha ilikuwa inakwenda kunoga. Asiwe binamu yako. Nasema hivyo bila kumfahamu, maana mpiga picha yeyote jicho lake linatafuta kizuri, na kizuri cha kamera mara nyingi ni mtu anayekaribia kuumia. Asiwe kapteni pia, kwa sababu wewe utataka kushinda. Mtafuteni mama mmoja mkali asiyejali netiboli.

Mtauliza watu hao watapatikana wapi bila fedha nyingi. Hapo nina dokezo, na ninyi wa Mwaloni mnalijua kuliko mimi ila pengine hamjalifikiria kwa jambo hili. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti kitu, boti zinapandishwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu, wanacheza bao, wanapumzika. Pangeni siku zenu hapo. Mtapata nahodha mzoefu kwa bei ya mtu aliyekaa bure, na usiku mtaonana bila tochi, kamera nayo itashukuru. Kisha muulizeni huyo nahodha kisiwa gani, msimchagulie. Yeye ndiye anayejua ghuba ipi ina mamba, wapi kiboko hupanda usiku kula majani, na ufuko upi unashikika upepo ukibadilika. Akikwambia pale hapafai, usimwombe sababu.

Upepo wenyewe tuuongelee, kwa sababu Ziwa Victoria hili si bwawa. Ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana nchi kavu inashika joto upesi kuliko maji, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku inageuka: nchi kavu inapoa, hewa inashuka kutoka kila upande kuelekea ziwani, inakutana huko juu ya maji yaliyobaki na joto lake, inapanda, na mawingu ya radi yanajijenga. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwani hupiga usiku wa manane na alfajiri wakati ninyi mmelala mmetulia. Wakorea walikuwa na vita vya usiku. Ninyi vita vya usiku vifanyeni nchi kavu tu, na boti isivuke na mtu gizani isipokuwa kumpeleka mgonjwa. Mahema yasikae chini ya mti uliosimama peke yake wala juu ya mwamba mkubwa, hata kama mandhari yake ni ya kuringia. Masika na vuli msiende kabisa. Juni hadi Agosti mvua hamna, lakini kusi la mchana linaweza kuwa kali, kwa hiyo kuvuka ni asubuhi, baada ya kusikiliza utabiri na kumsikiliza nahodha.

Na mzigo. Watu wa Mwanza hatuhitaji kukumbushwa MV Bukoba ya Mei 1996, wala MV Nyerere ya Septemba 2018 iliyopinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara, watu zaidi ya mia mbili wakapotea huku nchi kavu inaonekana. Zote mbili zilikuwa zimejaza kupita kiasi. Najua itakavyokuwa siku yenu: wachezaji kumi na wawili, timu ya usalama, kamera, mahema, ndoo, na shangazi wa mtu aliyetaka lifti ya kwenda Nansio. Nendeni kwa safari mbili. Kila mtu jaketi la kujiokolea mwilini, limefungwa. Lililokunjwa na kukaliwa ni mto wa kukalia tu.

Sasa kuogelea. Tuambiane ukweli: kuzaliwa ufukweni na kuuza samaki maisha yote hakumfundishi mtu kuogelea, na kwa wasichana wa huku ndivyo ilivyo zaidi, maana wavulana hutumwa ziwani na ninyi mnabaki kwenye vichanja vya kuanikia. Kabla ya zoezi lingine lolote, kila mmoja wenu aweze kuelea chali akiwa amevaa nguo, dakika kadhaa, bila kuhangaika. Hiyo inafundishwa kwenye bwawa la kuogelea, siyo ziwani, na inafundishika kwa wiki chache hata kwa mtu mzima mwoga. Pale Mwanza kuna shirika la EMEDO linaloshughulika na kuzuia watu kuzama ziwani; wabisheni hodi. Asiyeweza kuelea anaweza kushiriki, ila hapewi mchezo wa majini, na hilo lisiwe la kujadiliwa mkiwa kisiwani mbele ya kamera ambapo kila mtu ni shujaa.

Nikitaja mchezo wa majini nafika penye jambo ambalo kipindi cha Wakorea hakiwezi kukufundisha. Mnakumbuka wale wanawake walivyoanza kwa kuburuta nguzo ya bendera kwenye tope la ufukweni? Nadhani ndiyo picha iliyowavuta. Tope lile ni la bahari, maji chumvi. Konokono wa kichocho haishi kwenye maji chumvi. Tope la kwetu, penye matete na magugu na maji yaliyotulia, ndiyo nyumbani kwake. Mkilala kwenye tope hilo nusu saa, adhuhuri, jua kali, mtakuwa mmechagua mahali na saa ambayo vimelea vinatoka kwa konokono kwa wingi kuliko wakati wowote. Vinapita kwenye ngozi nzima, havihitaji kidonda, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea.

Kwa wanawake jambo hili lina upande wa pili usiosemwa sana. Kichocho cha mkojo, kile kinachopatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara kuliko kwenye ziwa lenyewe, huweza kuweka mayai yake kwenye mlango wa kizazi na sehemu za siri. Dalili zake, muwasho, uchafu, maumivu na damu wakati wa tendo, hufanana na magonjwa ya zinaa, basi mama anatibiwa zinaa mara tatu, ndoa inayumba, na kumbe ni minyoo ya lambo alilokuwa akichota maji utotoni. Kinaweza kuleta ugumba. Cha ziwani kwa kawaida ni kile cha tumbo, kinachoshambulia utumbo na ini, nacho si cha kuchekea. Kwa hiyo michezo ya maji ifanyeni ufuko wa mchanga au wa mawe, penye wimbi, mbali na matete, asubuhi mapema, na iwe mifupi. Lile tope mnalolipenda, mwagieni maji uwanja wenu wa Ilemela mlitengeneze wenyewe kwa maji ya bomba, mtazamaji hatajua. Maji ya kuogea kisiwani yachotwe na kukaa siku mbili kwenye ndoo safi zenye mfuniko, vimelea vikose wa kumwingia vife. Mkirudi, hesabuni wiki sita hadi nane ndipo mkameze prazikwanteli kituo cha afya kwa kipimo cha uzito wenu. Ukimeza mara tu baada ya kurudi, dawa haiui minyoo michanga na utadhani umepona.

Maji ya kunywa yapelekeni kutoka mjini au yachemsheni yatokote, basi. Msifanye mchezo wa "anayeshindwa anakunywa ya ziwa". Kipindupindu kikiingia kwenye kisiwa chenye watu kumi na wawili na choo kimoja, kipindi kimekwisha. Choo chenyewe kichimbwe mbali na maji kabla wachezaji hawajafika. Vyandarua kila hema.

Halafu kuna damu, na hapa ndipo ningepeleka fedha yangu ya kwanza kabla hata ya kununua mahema. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa watu kumi na wawili ina maana watano hivi, kama timu yenu inafanana na nchi. Mwanamke wa namna hiyo anafanya kazi zake zote, anauza dagaa wake, anacheza netiboli robo mbili na kusema amechoka kidogo. Mpe siku tatu za kulala vibaya, jua na mzigo, ndipo utakapomwona anakaa chini hainuki, na wenzake kwenye video watamwita mvivu. Nendeni wote mkapime. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni upungufu. Atibiwe, ale vizuri miezi miwili mitatu, apimwe tena. Pimeni na selimundu, maana Kanda ya Ziwa ni katika maeneo yenye vinasaba hivyo kwa wingi nchini. Mwenye ugonjwa wenyewe asishiriki. Mwenye kurithi upande mmoja tu anaweza kuishi maisha yake yote hajui, na kwa kawaida hana shida, ila kujitesa kupita kiasi kwenye joto bila maji kunaweza kumletea balaa la ghafla. Huyo muuguzi amjue na maji yake yasikatike. Na kipimo cha mimba, wiki hiyohiyo ya safari, kila mmoja faraghani na muuguzi, majibu yasitangazwe.

Hedhi isiwe siri wala isiwe kizuizi. Watu kumi na wawili, siku tatu, lazima wawepo walio kwenye siku zao. Taulo za kike za kutosha ziwe kwenye sanduku la muuguzi, mfuko wa kurudisha taka mjini, na mahali pa kujistiri ambapo kamera haifiki kwa kanuni.

Sasa nimekuchosha na magonjwa, nirudi kwenye swali lako la raha: nguvu au akili?

Kwenye fainali ya Wakorea walibaki wanamichezo na zimamoto, na walioshinda ni wanamichezo. Ukiishia hapo utasema basi, nguvu. Lakini angalia tena walivyofika. Polisi na wanajeshi hawakuwa dhaifu, kila timu ilikuwa na mtu wa kubeba na mtu wa kukimbia. Kilichotofautiana, kwa jicho langu, ni muda uliopita kati ya king'ora na uamuzi. Timu moja inasikia, mmoja anasema, watatu wanakwenda. Nyingine inasikia, wanne wanasema. Marekani nako waliwahi kugawa Survivor wanaume upande huu na wanawake upande ule, 2003, 2004 na 2012. Mwaka 2003 kule Amazon kila mtu aliwahesabu wanawake kuwa ni wa kutoka mapema, na shindano la kwanza la kinga (timu inayoshinda haitoi mtu) wakawashinda wanaume, mwanamume ndiye akatangulia nyumbani. Katika misimu hiyo mitatu, miwili alishinda mwanamke, mmoja mwanamume. Nguvu za kifua hazikutabiri chochote.

Kinachoamua ni nani bado anafikiri siku ya tatu. Na siku ya tatu adui siyo njaa. Binadamu anavumilia njaa siku nyingi, lakini ukimnyima usingizi usiku mmoja na nusu anaanza kusahau fundo la kamba alilofunga mara mia, anamkaripia rafiki yake wa utotoni, anaona wivu wa kijiko. Timu itakayoshinda kwenu ni ile itakayopanga zamu za kulinda bendera usiku wa kwanza, wakati bado hawajachoka na wanaona ni ujinga. Watu wawili wanalala, wawili macho, wanabadilishana. Hata saa tatu za usingizi wa mfululizo ni utajiri. Wenye sifa ndio watakaokesha wote wanne wakipiga stori na moto, nao Jumapili asubuhi watakuwa wanatembea kama kuku aliyenyeshewa.

Ninyi mna kitu ambacho pengine hamjakihesabu. Netiboli inakunyima kukimbia na mpira na inakupa sekunde tatu tu uwe umeuachia. Maisha yenu yote ya uwanjani ni kuamua ukiwa umesimama, na kumwamini mwenzako aliye kwenye eneo usiloruhusiwa kuingia. Askari wengi hawana hiyo. Usigawe timu kwa kuwaweka wenye nguvu pamoja na wepesi pamoja, mtapata mashindano mabovu na ugomvi. Wagawe kama unavyopanga kikosi: kila timu mtu wa katikati anayeona wote, mtu wa kumalizia, mtu wa kuzuia, na mmoja yeyote mwenye subira. Huyo wa subira ndiye atakayewasha moto kuni zikiwa na umande.

Mazoezi, basi. Kukimbia punguzeni, tembeeni. Kisiwani hakuna atakayekimbia kilomita tano, ila wote mtapanda mawe mkiwa na mizigo, kutwa nzima. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na nyingi mnazibeba kichwani tangu mkiwa darasa la tatu. Hilo ndilo zoezi, lifanyeni kwenye vilima vyenu vya mawe kwa mwendo wa kuongea, mkipokezana. Shingo ikiuma, acha. Kushika: ning'inieni kwenye tawi au mwamba wa goli, maana kamba, jiwe na bendera vyote vinaisha vidoleni kabla havijaisha mguuni. Kuwasha moto kwa kuni mbichi kiasi, jioni, kila mmoja peke yake. Mafundo manne tu, mpaka muweze kuyafunga gizani. Halafu lipo zoezi moja ambalo watu hulidharau: laleni nje usiku mmoja, uwanjani kwa mtu, wote kumi na wawili, na saa nane usiku mtu wa filimbi awaamshe mfanye fumbo la hesabu au kupanga mbao. Hapo mtajuana. Kuna dada mpole atageuka simba na kuna mbabe atalia. Heri mjue hayo Ilemela.

Chakula msikatiane. Najua njaa inapendeza kwenye kamera, lakini mtu mwenye njaa anaumia ovyo. Kila timu ipewe unga, maharage, dagaa na mafuta ya kumtosha mtu anayefanya kazi ngumu, na mshindanie vya anasa: sukari, maandazi, soda ya baridi, sabuni yenye harufu. Siku ya pili mtagombania andazi kwa hasira kuliko mlivyowahi kugombania kombe.

Vibali ni vya haraka kueleza na vya polepole kupata. Anzeni na serikali ya kijiji na mwalo wenyewe, maana hata kisiwa kinachoonekana kitupu kina wenyewe, kina makaburi, pengine na sehemu ya matambiko ambayo Wakerewe hawatapenda ipigwe picha. Bodi ya Filamu kwa kibali cha kupiga picha. Droni ni habari ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, msirushe kwa siri. Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, huko ni TANAPA na gharama zake, mimi ningeviacha.

Limebaki moja ambalo limevunja urafiki kuliko dhoruba, nalo ni video yenyewe baada ya kurudi. Binamu yako akiwa peke yake na kompyuta atachagua nani awe shujaa na nani awe mkorofi. Mtu aliyenung'unika mara moja kwa siku tatu anaweza kuonekana hajafanya kingine, na kesho yake yuko Mwaloni anauza dagaa, wateja wanamcheka. Kila mchezaji aone video kabla haijapandishwa na awe na haki ya kutoa kipande kinachomhusu akiwa anaoga, anaumwa, analia au yuko kwenye siku zake. Akaunti iwe ya timu. Fedha ikipatikana, andikeni leo nani anapata nini: wachezaji, mpiga picha, nahodha, muuguzi, mama wa filimbi. Karatasi moja, majina yote, sahihi zote, nakala moja abaki nayo mtu asiyecheza. Na zawadi ya mshindi iwe ndogo kiasi kwamba hakuna atakayeficha maumivu ya mguu kwa ajili yake. Doti ya kitenge kwa kila mmoja wa timu na haki ya kuchagua kisiwa cha mwakani inatosha kabisa.